Saa Nane na Dakika Kumi na Saba

Kazi yangu ni vijana, siyo kompyuta. Niliingia kama animateri kwenye kituo cha vijana hapa Nyarugusu, kazi ya insentivu kama wengine wengi, na kwenye karatasi ya kazi waliandika michezo, mijadala na kuandikisha washiriki. Kompyuta ziliniangukia tu. Fundi aliyekuja kufunga waifai alikaa siku nne, akanifundisha kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu, akaniachia karatasi mbili za maelezo na namba yake ya simu, akarudi Kigoma mjini. Toka siku hiyo mtu akishindwa kuingia, anayeitwa ni mimi.

"Yaya, inanikataa."

Kwa ndugu wa mashirika wanaosoma hapa: kwa Kiswahili cha Tanzania yaya ni mlezi wa watoto. Kwetu tuliotoka ng'ambo ya ziwa ni kaka au dada mkubwa. Ingawa kuna siku pale kituoni tofauti yenyewe siioni.

Nataka kuandika kuhusu kijana mmoja niliyemkosea. Nimemwomba ruhusa. Akasema andika, ila jina langu usiweke, limeshaandikwa vibaya sehemu nyingi. Basi nitamwita Mshonaji, kwa sababu anajifunza cherehani, na sare za shule za wadogo zake ameshona yeye.

Kwanza nieleze jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Waifai yetu haina paswedi moja ya watu wote. Kila kijana ana jina lake na paswedi yake. Akiiunganisha simu, unatokea ukurasa wa kujaza. Anachojaza kinaenda kwa ruta, lakini ruta haimjui mtu yeyote. Ni kama mlinzi wa getini asiye na daftari. Anachoweza ni kukimbia ofisini kuuliza: kuna mtu hapa anasema yeye ni fulani na paswedi yake ni hii, nimfungulie? Ofisi ndiyo seva. Seva yetu ni kikompyuta kidogo kinachoenea kwenye kiganja, kimebandikwa ukutani juu ya kabati la mipira, na ndani yake kuna programu ya FreeRADIUS. RADIUS ni ile lugha ambayo mlinzi na ofisi wanaongea. Ilibuniwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston kule Marekani, wakati watu wanaingia mtandaoni kwa kupiga simu ya waya. Imenizidi umri lakini bado iko kazini. Hata wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoingia kwa eduroam, nyuma yao ni lugha hiyohiyo.

Maswali ya kuingia yanapita mlango namba 1812. Taarifa za nani kaanza saa ngapi, kamaliza saa ngapi, ametumia bando kiasi gani, zinapita mlango namba 1813. Huo wa pili msiusahau.

Mwanzoni matatizo yalikuwa madogo. Simu nyingi zinapenda kuandika herufi ya kwanza kubwa, na kwa seva "Furaha" na "furaha" ni watu wawili tofauti. Au kibodi ya simu inakupendekezea jina lako, unaligusa, na yenyewe inaongeza nafasi mwishoni. Nafasi haionekani kwa macho. Mtu anakuonyesha simu, jina ni sawa kabisa, paswedi ni sawa, na seva inakataa kwa sababu jina lenye nafasi ndani yake hailikubali kabisa. Nilijifunza kuwaambia: futa mpaka mwisho, halafu futa tena mara moja hata kama huoni kitu.

Kuna siku wote walishindwa. Ruta ya zamani ilikufa, tukaweka nyingine, na kuanzia asubuhi hakuna aliyeingia hata mmoja. Nilifanya nilichokijua: nilibadilisha paswedi za watu kumi na moja, mmoja mmoja, huku wamepanga foleni. Hakuna kilichobadilika. Mchana nikampigia fundi simu. Aliniuliza swali ambalo nalitumia mpaka leo: "Seva inakataa, au hainyanyui hata kichwa?" Sikujua kama kuna tofauti. Akaniambia nisimamishe programu, halafu niiwashe upya kwa kuandika freeradius -X. Ukiiwasha hivyo inaongea kila inachofanya, mstari kwa mstari. Mtu mmoja akajaribu kuingia, na nikaona: seva ilisema imepata swali kutoka kwa mlinzi isiyemjua, imelipuuza. Ruta mpya ilikuwa na anwani mpya, na seva ilikuwa bado inaijua ile ya zamani. Yaani haikumkataa mtu. Ilinyamaza tu. Na kwenye simu ya kijana, kukataliwa na kutojibiwa vilitoa maandishi yaleyale.

Nilirekebisha anwani ya ruta kwenye faili la walinzi, nikaandika upya lile neno la siri ambalo ruta na seva wanalo kati yao wawili, na watu wote wakaingia. Isipokuwa wale kumi na moja, ambao paswedi zao nilikuwa nimezibadilisha bure na hawazikumbuki.

Seva inaongea Kiingereza. Mimi sekondari nilisoma kwa programu ya Congo, kwa Kifaransa. Kila mstari niliuandika kwenye daftari na maana yake pembeni, na baada ya miezi michache nilikuwa nausoma bila daftari. Watu wakaanza kuniita injinia. Sikuwakatalia. Nadhani hapo ndipo nilipoharibika.

Kwa sababu nilianza kuyaamini maandishi yale kuliko watu.

Kituo kina sheria: ukimpa mtu mwingine paswedi yako, unafungiwa wiki mbili. Sheria hiyo haikutoka hewani. Bando letu ni dogo, na kuna kijana aliwahi kuuza paswedi yake kwa shilingi mia mbili kwa mtu, watu wanakaa nyuma ya ukuta jioni wanaangalia mpira, na asubuhi wenye masomo hawana kitu. Baada ya hapo fundi aliweka kizuizi kwenye seva: jina moja, kifaa kimoja kwa wakati. Ukiwa umeshaingia na mtu mwingine akajaribu kwa jina lako, seva inaangalia jedwali lake la nani yuko ndani, inaona jina lako lina mwanzo lakini halina mwisho, na inajibu: tayari umeshaingia, huruhusiwi.

Mwaka jana, siku ya Jumatano mchana, Mshonaji alikuja kwangu. "Yaya, inanikataa." Nikamwambia futa nafasi. Akafuta. Ikakataa. Nikafungua seva, na ikasema neno lile: tayari umeshaingia. Nikafungua jedwali. Jina lake lilikuwepo, limeanza 02:31 na halijaisha. Saa nane na nusu usiku.

Kituo tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Lakini waifai haijui ukuta. Kama betri za sola bado zina nguvu, mawimbi yanafika mpaka nje kwenye miembe. Kwa hiyo kichwani kwangu hadithi ilijikamilisha yenyewe: kijana ametoa paswedi yake, au ameiuza, na mtu anakaa pale usiku. Au anakaa yeye mwenyewe.

Sikumwambia pembeni. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Alhamisi tuna kikao cha vijana wote, walikuwa karibu ishirini na tano, Wacongo na Warundi, na nilitaka iwe fundisho. Nikasimama na daftari langu nikasoma: tarehe, jina, saa. Watu wakaguna. Mshonaji akasimama.

"Usiku huo nililala nyumbani."

Mtu akacheka nyuma.

"Asubuhi nilikuja mapema kusoma masomo ya kwenye seva, wewe mwenyewe ulinifungulia mlango. Angalia simu yangu, yaya. Angalia vizuri."

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mashine haina sababu ya kukuonea."

Nikamfungia wiki mbili.

Sasa mjue kulikuwa na nini ndani ya wiki mbili hizo. Alikuwa kwenye kozi ya biashara ndogo, ya mtandaoni, miezi mitatu, yenye cheti mwishoni. Kila Ijumaa usiku kazi ya wiki inafungwa, na ukikosa wiki mbili mfululizo unatolewa. Nilijua. Mimi ndiye niliyemsaidia kujiandikisha. Nilijiambia atatafuta bando la simu. Bando la simu kwa mtoto wa familia ya watu saba inayosubiri mgao, na mgao wenyewe umeshapunguzwa. Nilijiambia hivyo na nikaenda kula.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulijua. Wiki ileile waya wa sola ulikuwa umekatwa usiku kwenye kanisa moja lililo karibu na kituo. Watu walikuwa wanatafuta nani anatembea usiku. Mimi nimesimama mbele ya vijana ishirini na tano nikasema yupo mmoja, saa nane na nusu, kwa jina lake. Jumamosi sungusungu walikwenda kwao kuuliza. Jumapili mwenyekiti wa zoni alimwita.

Mama yake alikuja kituoni kabla ya hayo, Ijumaa, asubuhi na mapema, kitenge kimekazwa kiunoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Mwanangu," aliniambia, "mlango wangu nafunga kwa gogo, kwa ndani. Asubuhi nalitoa mimi, hakuna mwingine anayeliinua bila mimi kuamka. Huyo aliyetoka kwangu saa nane alipita wapi?"

Nikasema, "Mama, siyo mimi ninayesema. Ni mfumo."

"Mfumo ulimwona?"

Sikujibu. Alikaa kidogo, akaaga vizuri, akaondoka.

Sisi watu wa kambi neno hilo tunalijua. Jina lako halipo kwenye mfumo. Mfumo umekataa. Subiri mfumo urudi. Jina la baba yangu lina herufi moja zaidi kwenye karatasi moja kuliko kwenye nyingine, na kwa herufi hiyo tumewahi kupanga foleni siku mbili, na aliyekuwa dirishani alikuwa mtu mpole kabisa, anatuonea huruma, anatuambia siyo yeye, ni mfumo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaapa sitakuwa mtu wa namna hiyo. Na sasa nilikuwa nimelitamka mwenyewe, tena kwa sauti ileile ya upole.

Lakini msifikiri kwamba maneno ya mama yalinifanya nichunguze. Yalinifanya nisilale vizuri, basi. Kilichonifanya nichunguze ni jina langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya pili ya kifungo chake. Nilifungua kituo, nikawasha swichi ya umeme, intaneti ilikuwa bado haijarudi kwa sababu mnara nao ulikuwa umelala. Nikaingia kwa akaunti yangu ili nishushe mwongozo wa mjadala uliohifadhiwa kwenye seva. Huo hauhitaji intaneti, unahitaji tu kuingia. Mchana nilipokuwa napitia jedwali kwa sababu nyingine kabisa, nikaona jina langu. Limeanza 03:22.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili usiku nilikuwa kitandani. Mke wangu ni shahidi, na mtoto wetu wa miezi mitano ni shahidi zaidi.

Nilikaa naliangalia. Kwanza nilifikiri mtu ameiba paswedi yangu, yaani bado nilikuwa naiamini mashine na kutafuta mwizi. Halafu nikaangalia safu ya mwisho ya jedwali, ambayo sikuwahi kuisoma kwa sababu haina maneno. Ni anwani ya kifaa, herufi na namba kumi na mbili. Ilikuwa ya simu yangu. Simu yenyewe, iliyokuwa chini ya mto wangu usiku huo, umbali wa dakika arobaini kwa miguu.

Nikarudi nyuma kwenye mstari wa Mshonaji. Anwani ya kifaa ilikuwa ileile ya siku zake zote, toka mwezi wa kwanza. Simu yake, haikuwa ya mtu mwingine. "Angalia simu yangu, yaya. Angalia vizuri." Jibu lilikuwa kwenye mstari uleule niliousoma mbele za watu, vidole vinne kulia kwa ile saa. Hata kama hadithi yangu ya kuuza paswedi ingekuwa kweli, hiyo safu peke yake ingeivunja.

Nikampigia fundi. Nikamweleza. Akacheka kwanza, halafu aliponisikia sicheki akaacha. Akasema vikompyuta vile havina betri ya saa. Kompyuta kubwa ina kibetri cha mviringo kama sarafu kinachoifanya ijue saa hata ikizimwa. Hiki chetu umeme ukikatika kinasahau. Ili kisianze kutoka zamani kabisa, kuna programu ndogo inayoandika saa kwenye faili kila baada ya saa moja, na kikiwaka kinaanza kuhesabu kutoka pale kilipoandika mara ya mwisho. Baadaye kikipata intaneti kinauliza saa ya kweli na kujirekebisha. Na ruta? Ruta inauliza saa kwa hichohicho kikompyuta.

"Hiyo kazi ya kila saa inafanyika dakika ya ngapi?" nikauliza. Akaniambia fungua faili la crontab, liko pale. Nikafungua. Mstari wa kwanza wa kazi za kila saa ulianza na 17.

Basi nikarudi kwenye jedwali na kalamu. Watu wote "walioingia usiku" kwa miezi minne. 02:31. 01:20. 03:22. 02:19. 02:26. Hakuna hata mmoja aliyeingia kati ya saa kamili na dakika ya kumi na saba. Wote walikuwa baada ya kumi na saba, wengi kwa dakika chache tu. Kuna msichana wa Kirundi anayekaa zoni ya mbali, anakuja na baiskeli ya kaka yake, naye jedwali lilisema aliingia saa saba na dakika ishirini usiku. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na tatizo la kuingia na mimi sikulifungua jedwali.

Ikawa wazi. Usiku ule betri za sola ziliisha muda kidogo baada ya saa nane na dakika kumi na saba. Seva ikafa ikiwa imeandika 02:17. Asubuhi saa mbili nikawasha swichi, seva ikaamka ikidhani ni 02:17 bado. Mshonaji, niliyemfungulia mlango mwenyewe, akaingia dakika kumi na nne baadaye. Seva ikaandika 02:31. Saa nne intaneti ikarudi, saa ikajirekebisha, na hakuna aliyejua kitu.

Lakini kwa nini mchana alikataliwa? Hapo nilikumbuka vinyozi. Darasa la kunyoa liko chumba cha pili, na tundu la umeme lililo karibu ni la ruta. Niliwauliza. Wakaniambia ndiyo, wanachomoa ile ya taa za kijani wanachomeka mashine ya kunyolea, dakika mbili tatu, wanarudisha. Ruta ikichomolewa ghafla haipati nafasi ya kuiambia seva kwamba fulani ametoka. Ruta nyingine zikiwaka zinatangaza kwamba zilikuwa zimezima, na seva inafunga wote waliobaki wazi. Yetu haikuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo Mshonaji alibaki ndani ya jedwali bila kuwepo ndani, kama mtu aliyehama na kadi yake bado inasomwa. Aliporudi kuingia alikataliwa kwa sababu yake mwenyewe.

Jioni ile nilikwenda kwao. Nilipewa kiti. Maji sikupewa. Mshonaji alikuwa anashona kola, hakusimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono. Nikaeleza yote, betri, dakika ya kumi na saba, vinyozi. Nilieleza kirefu sana, nafikiri nilikuwa nataka waone jinsi nilivyo hodari wa kugundua. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema mbele za watu," akasema. "Hapa kwangu hakuna watu."

Alhamisi nikasimama mahali palepale. Nilitaka kueleza tena habari ya saa, nikakumbuka macho ya yule mama, nikaanza na kilicho kifupi: nilisema uongo juu ya huyu, hakutoka usiku, hakumpa mtu paswedi, na alinionyesha pa kuangalia nikakataa. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa zoni nikasema hayohayo, na mwenyekiti akaniuliza kama naweza kuyaandika. Nikaandika. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya daftari lake. Waya wa kanisa mpaka leo haujulikani nani aliukata.

Kozi haikurudi. Niliwaandikia wenye kozi barua pepe, nikaeleza kwamba kosa ni la kituo. Walijibu baada ya siku tisa, kwa adabu, kwamba mfumo wao hauwezi kumrudisha mwanafunzi aliyeshatolewa, asubiri awamu nyingine. Kwenye daftari letu la nidhamu jina lake bado lipo. Nilitaka kuchana ukurasa, msimamizi wangu akakataa, akasema daftari halichanwi, andika chini yake. Niliandika chini yake, mistari sita. Siku nyingine namwona mgeni wa shirika akifunua daftari lile haraka haraka, na najiuliza kama anasoma mpaka chini.

Fundi alitutumia kibetri cha saa kwa basi mpaka Kasulu. Bei yake haifiki ya kuku mmoja. Pia alinisaidia kuandika amri fupi: ruta ikiwaka upya, wote waliobaki wazi kwenye jedwali wanafungwa. Tundu la ruta nimelizungushia gundi ya karatasi, na vinyozi wamepewa waya wao mrefu. Sheria ya wiki mbili ipo bado, ila hafungiwi mtu kwa maandishi ya seva peke yake.

Na mtu akiniambia inamkataa, nafanya taratibu kuliko zamani. Kwanza nauliza: ni wewe tu au na wenzako? Kama ni wote, siwagusi watu, naenda kwa ruta na seva, na naanza na akaunti ya majaribio palepale kwenye seva, kwa amri ya radtest, ili nijue kama ofisi yenyewe iko macho. Kama ni mmoja, naiwasha seva iongee na namwomba ajaribu mbele yangu, nasoma sababu yenyewe badala ya kuikisia. Na kabla ya kusoma saa yoyote kwenye jedwali, naangalia kwanza seva inadhani sasa hivi ni saa ngapi. Hii inachukua nusu dakika. Aliyesimama mbele yangu naye namuuliza kilichotokea, na namwacha amalize.

Mshonaji haji Alhamisi. Anakuja asubuhi, watu wakiwa wachache, anasoma, anaondoka kabla ya saa sita. Siku nyingine akipita chini ya kabati la mipira ananiuliza, "Kwako saa ngapi, yaya?" na mimi naangalia kioo namjibu. Awamu mpya ya kozi imefunguliwa, na ameshajaza fomu. Ile akaunti ya zamani aliikataa, akataka nyingine. Nikamfungulia, nikamsogezea kiti aweke paswedi, na nikainama nimsaidie kuangalia ile nafasi ya mwishoni. Akaigeuza simu upande wa pili, akaiandika mwenyewe.